Ukuta wa Nyuma ni Jiwe

Chumba changu cha Mabatini kina kuta tatu za tofali.
Wa nne aliujenga Mungu:
mwenye nyumba aliupaka chokaa tu, akaudai kodi.

Siku ya kuhamia niliugusa saa sita mchana,
ukawa baridi kama shavu la mtungi.
Nikasema, hapa ndipo dawa itakaa.
Nikaegesha kibao, nikapanga:
mswaki, wembe, mafuta ya mgando,
na chupa ya dawa ya lenzi, iliyotoka Nairobi
kwa mkono wa kondakta, ikiwa imelala
usiku kucha karibu na injini.
Hilo sikuliuliza.

Mimi ni fundi simu, Makoroboi.
Kioo cha jicho langu kimechongoka kama kichuguu,
miwani haikufua dafu,
basi kila asubuhi navaa vipande viwili vya plastiki ngumu,
vidogo kama magamba ya sato,
ndipo nyaya zinaacha kuwa mbilimbili
na mteja anarudi kuwa na uso mmoja.
Usiku navilaza ndani ya dawa
kama mtu alazavyo mtoto,
bila kukikagua kitanda.

Nani angejua jiwe ni mwizi wa mchana?
Linaiba jua kutwa nzima huko juu kilimani,
kisha saa nne, saa tano za usiku,
linakuja kugawa mali chumbani kwangu.
Mimi najifungulia dirisha.
Chupa haina dirisha.

Na haikubadilika rangi. Hili ndilo linaloniuma.
Maziwa yakiharibika yanasema,
dagaa wakivunda mtaa mzima una habari.
Dawa hii ilikufa na sura yake,
na lebo yake, na harufu yake ya hospitali.
Nguvu ilitoka povu kwa povu, kimyakimya,
ikabaki maji.
Maji! Katika mji huu,
ambapo ziwa limekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga,
mimi nililipa elfu arobaini na tano
niyapandishe maji kwenye kibao.

Mwezi wa pili jicho la kushoto likaamka jekundu.
Nikawasingizia usubi, siku zile wingu lao lilitoka ziwani
likazima hata taa ya muuza chipsi.
Nikasugua. Nikanunua matone ya elfu mbili.
Siku ya nne ncha ya bisibisi ilimeta
nikapiga kelele.

Bwana Lutonja wa kliniki ya macho
hakuanza na jicho.
"Nipe kijaluba cha lenzi."
Akapitisha pamba ndani, akaiinua kwenye mwanga:
ute, mwembamba,
ndugu wa ule unaotelezesha watu kwenye mawe ya ufukweni.
"Hawa wameshajenga," akasema. "Wana mtaa na mjumbe."
Kisha, chupa inakaa wapi?
Nikamjibu kwa fahari: kwenye jiwe, pana baridi.
"Uligusa saa ngapi?"
Mchana.
"Kaguse usiku."

Nikagusa. Umeme umekatika, saa tano na kitu,
jicho moja limefungwa bandeji.
Lilikuwa na joto la ubavu wa ng'ombe.

Juu ya jiwe hilohilo Mama Ng'washi huanika dagaa.
Jua linalomhifadhia yeye ndilo lililoniulia mimi.
Sina ugomvi nalo.

Jicho lilipona, likabaki na kovu
dogo, jeupe, punje ya chumvi.
Sasa chupa inalala sakafuni, uvunguni,
ndani ya soksi nyeusi, mbali na jiwe,
na ubavuni nimeandika tarehe ya kuifungua
kwa wino usiofutika.
Miezi mitatu. Hata ikibaki nusu.

Jumamosi iliyopita ilitimia.
Nikaimwaga nusu yangu kwenye mfereji,
mkono ukisita, nikihesabu shilingi,
ikashuka kati ya mawe kuelekea ziwani.
Niliifuata kwa macho yote mawili, lenzi zikiwa ndani.
Kama ilikuwa dawa, kama ilikuwa maji,
sikuona tofauti.